Anajua ninapolala, na sijawahi kumwambia

Salamu Fundi,

Mimi ni mwokaji wa keki hapa Umoja Innercore, Nairobi. Nina miaka thelathini na mitano, nina mtoto mmoja, na jikoni kwangu ndiko kazini kwangu. Mwezi wa tatu niliachana na jamaa ambaye tulikuwa tumejuana miezi minne hivi. Hakuwahi kufika kwangu. Tulikutana mjini, tukala mjini, kila mtu akapanda matatu yake. Nilipomwambia tuishie hapo alinyamaza wiki tatu, kisha akaanza.

Kwanza alinitumia picha ya skrini kutoka tovuti moja ya Marekani ya kutafuta watu. Nilisoma Sacramento, California, kuanzia 2013 hadi 2016, nikikaa na dadangu. Tovuti hiyo ina majina yangu yote matatu, umri, na anwani mbili nilizoishi huko. Chini yake wameorodheshwa watu wa ukoo wangu: dadangu, shemeji yangu, hata mama mkwe wa dadangu. Ukibonyeza jina la dadangu unapata nyumba anayoishi hadi leo. Wiki iliyofuata jamaa akampigia simu usiku, akajifanya ananitafuta kwa sababu ana wasiwasi nami.

Halafu ikaja picha ya pili. Hiyo ilikuwa ya programu ya kutambua wanaopiga simu. Ilikuwa na nambari yangu, na mahali pa jina pameandikwa: "Mama Keki Innercore Hse 14". Fundi, mimi sijawahi kuweka programu hiyo kwenye simu yangu! Nani aliniandika hivyo? Chini ya picha alikuwa ameongeza maneno manne: "Najua unapolala siku hizi."

Usiku huo nilikesha nikijitafuta kwenye Google. Nikapata na jambo nililokuwa nimelisahau: orodha ya walioitwa kwenye mahojiano ya kazi katika kaunti moja mwaka 2018, faili ya PDF, jina langu na nambari ya kitambulisho kwenye mstari mmoja. Na kazi yenyewe sikuipata.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp la wafanyabiashara kuna kijana anayesema atanifuta "intaneti nzima" kwa shilingi 15,000, nusu nilipe kabla. Ameniomba picha ya kitambulisho mbele na nyuma ili "aingie kwenye mfumo". Dadangu naye anashikilia nibadilishe nambari na nifunge kila kitu. Nambari hii wateja wameijua miaka sita. Nikiifunga nitakula nini? Nianzie wapi?

Mwokaji, Umoja


Dada Mwokaji,

Usimtumie yule kijana kitambulisho. Kama umeshatuma, kesho asubuhi nenda duka la kampuni yako ya simu uombe laini yako iwekewe kizuizi isibadilishwe na wakala yeyote, kwa sababu mwenye picha ya kitambulisho chako ana nusu ya anachohitaji kuichukua laini pamoja na pesa zilizomo. Hakuna mfumo wa kuingia. Habari zako zimekaa mahali ishirini tofauti kwa wenyewe ishirini tofauti, na kila mmoja anaombwa kivyake. Hizo 15,000 nunulia unga na siagi.

La pili, na hapa wengi hukosea kwa haraka: usifute chochote bado. Hofu inasukuma mtu afute meseji, amzuie jamaa, aondoe kila kitu usiku mmoja. Akifika kituoni hana cha kuonyesha. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari yake, tarehe na saa. Nakili viungo vya zile kurasa. Mwambie dadako aandike siku na saa aliyopigiwa, na kilichosemwa. Vitume vyote kwa mtu mmoja unayemwamini ili visikae kwenye simu yako peke yake. Kisha nenda kituo cha polisi, uulizie dawati la jinsia, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukiambiwa hayo ni mambo ya wapenzi, taja kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kinahusu kumsumbua mtu mtandaoni hadi akahofia usalama wake, na adhabu yake inaweza kufika miaka kumi gerezani. Kuna pia nambari 1195, ya bure, usiku na mchana, kwa wanaotishwa au kudhulumiwa. Piga hata kama unaona mambo hayajafika huko. Mtu anayeandika "najua unapolala" ameshafika huko.

Haya, sasa tufute.

Unaniuliza uanzie wapi, na naona picha ya California ndiyo iliyokutisha zaidi kwa sababu ina mengi. Lakini itazame vizuri. Anwani zako mbili za Sacramento ni nyumba ulizohama miaka mingi iliyopita, hazimfikishi mtu kwako. Ile nyingine yenye maneno machache tu, keki, mtaa na nambari ya nyumba, hiyo inamleta hadi mlangoni. Kwa hiyo tunaanzia Innercore.

Nani alikuandika hivyo? Nilikaa Luthuli Avenue miaka tisa nikitengeneza simu, na mtu akikuachia simu yake iliyokufa, ikifufuka unaona vitabu vya majina mpaka unacheka peke yako. "Landilodi Usichukue." "Fundi Mrefu Luthuli", ambaye ni mimi. "Shemeji Deni." Watu huhifadhi majina kwa namna itakayowasaidia kukumbuka, na hawamuonei mtu. Wewe yawezekana ulihifadhiwa na mtu wa boda aliyekuja kuchukua keki ya bathdei na hakutaka kupotea tena: keki, Innercore, nyumba 14. Jina zuri kabisa, kwenye simu yake. Shida ni kwamba programu za aina hii hula majina kutoka kwa watumiaji wake. Mmoja huiruhusu isome kitabu chake chote cha simu, mwingine hupendekeza jina akiulizwa, na jina lako linatoka kwenye mfuko wa mtu wa boda na kuwa la dunia nzima. Wewe kutokuwa na programu hakukukingi hata kidogo.

Inayotumika sana hapa kwetu ni Truecaller, kampuni ya Stockholm iliyoanza 2009. Ina ukurasa kwenye tovuti yake wa kuomba nambari iondolewe. Andika nambari kuanzia +254, toa sababu, thibitisha, na kwa kawaida ndani ya siku moja inatoka kwenye utafutaji. Kwa kuwa huna akaunti huko, huna hatua nyingine. Mwenye akaunti lazima aifunge kwanza, asipofanya hivyo ombi halikubaliwi. GetContact, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina ukurasa wake kama huo. Ukimaliza, mwombe rafiki mwenye programu hizo akutafute, na baada ya mwezi akutafute tena.

Sasa swali ambalo hukuuliza. Je, biashara yako iko kwenye ramani ya Google? Waokaji wengi wa nyumbani wamejiweka ili wateja wasipotee, na ile alama nyekundu imekaa juu ya paa la chumba wanacholala. Huna haja ya kuifuta biashara. Ingia kwenye wasifu wake, ondoa anwani, uache maeneo unayopeleka tu: Umoja, Donholm, Buruburu, popote. Nyota zako na maoni ya wateja vinabaki, anwani inafichika. Fanya hivyo hivyo kwenye WhatsApp ya biashara, ile sehemu ya anwani iache tupu. Na pitia picha zako za Facebook kwa jicho la mtu asiyekutakia mema. Keki iko mbele, sawa, lakini nyuma yake kuna nini? Geti la bluu, nambari ya nyumba, jina la ploti?

Kuhusu nambari, sikubaliani na dadako, ingawa ninamwelewa. Ukibadilisha leo, utaipa nambari mpya watu wale wale, nao wataihifadhi "Mama Keki Innercore Hse 14 Mpya". Chukua laini ya pili iwe ya benki, shule ya mtoto na familia, isiandikwe popote. Hii ya zamani ibaki ya keki, na mahali pa jina pawe jina la biashara tu. Kumbuka pia kwamba mtu akijaribu kutuma pesa kwa nambari yako, jina lako linaweza kumtokea kabla hajatuma. Ukiwa na uwezo, hamia kwenye malipo ya biashara ili mteja aone jina la biashara.

Twende California.

Tovuti hizi za kutafuta watu, kama Whitepages, Spokeo, BeenVerified, Intelius, hazikudukua chochote. Huko rekodi nyingi ziko wazi kwa sheria: hati za nyumba, kesi za mahakama, na katika majimbo kadhaa hata daftari la wapiga kura. Juu yake wanaongeza walichonunua kwa wauza data, yaani orodha za waliojaza fomu za maduka, waliojiandikisha kupokea majarida, waliohamisha anwani za posta. Mashine inaunganisha jina, umri na nyumba, na watu wawili wakionekana kwenye anwani moja inawaita ndugu. Ndiyo maana mama mkwe wa dadako amekuwa ukoo wako. Pengine alilala hapo mwaka mmoja.

Kujiondoa ni bure, na ni kazi ya kuchosha. Kwa kila tovuti unatafuta wasifu wako, unanakili kiungo chake, unafungua ukurasa wa kujiondoa (huwa umefichwa chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani), unabandika kiungo, unaweka barua pepe, kisha unabonyeza kiungo cha uthibitisho kitakachoingia kwenye barua pepe hiyo. Usipobonyeza, ombi limekufa, na hapo ndipo wengi huachia. Fungua barua pepe mpya ya kazi hii tu, usiwape ile unayotumia. Wasifu wako unaweza kuwa zaidi ya mmoja kwenye tovuti moja, mara jina la kati lipo, mara halipo, na kila mmoja unaombewa kivyake. Nafuu ipo kidogo: Intelius, TruthFinder, Instant Checkmate na US Search ni za kampuni moja, PeopleConnect, na ombi moja kwenye kituo chake linazigusa zote.

Baadhi hazifunguki ukiwa nje ya Marekani, na nyingine hutaka kukupigia simu kwa mashine na kukupa tarakimu za kuingiza. Hapo dadako ndiye mkono wako. Na kusema kweli yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi, maana anwani iliyo hai ni yake. Aanze na wasifu wake, wa mumewe na wa mama mkwe, halafu wako. Akifuta wako akaacha wa mama mkwe, jamaa ataingilia mlango huo huo.

Dadako ana silaha nyingine ambayo wewe huna kwa kuwa ulishahama. California ilipitisha sheria mwaka 2023 inayompa mkazi wa jimbo hilo nafasi ya kutuma ombi moja kwa wauza data wote waliosajiliwa humo. Mfumo wenyewe unaitwa DROP, ulifunguliwa Januari 2026, na wauza data wanatakiwa kuanza kuyashughulikia maombi hayo kuanzia tarehe 1 Agosti 2026, na kurudi kuangalia kila siku 45. Rekodi za wazi za serikali hazimo katika kifutio hicho, kwa hiyo fomu za tovuti moja moja bado zina kazi. Ajisajili hata hivyo. Ni kazi ya chai moja.

Utaona matangazo ya kampuni zinazolipisha kwa mwezi kufanya kazi hii. Hizi si kama kijana wa kundi lenu, ni kampuni za kweli, ila shirika la Consumer Reports lilizijaribu mwaka 2024 na kukuta kujiondoa kwa mkono kulifuta takriban asilimia 70 ya taarifa, huku huduma nyingi za kulipia zikiachwa nyuma mbali. Mimi singelipa.

Na watakurudisha. Wananunua data upya kila mara, na wasifu uliofutwa Mei unaweza kuzaliwa tena Oktoba ukiwa na herufi moja tofauti. Andika kwenye daftari, lile la oda za keki linatosha, tovuti gani uliomba na siku gani. Kila baada ya miezi mitatu tenga saa moja ujitafute.

Wakati maombi yanatembea, Google wana fomu ya kuondoa taarifa binafsi kwenye matokeo ya utafutaji: nambari ya simu, anwani ya nyumbani, barua pepe, nambari ya kitambulisho. Unawapa kiungo cha ukurasa na jina ambalo likiandikwa ukurasa huo unatokea. Wakikubali, ukurasa unabaki ulipo ila Google haiuonyeshi tena. Kwa jamaa kama huyu wako, ambaye ujuzi wake wote ni kuandika jina na kubonyeza, hilo linaziba njia kubwa.

Ile PDF ya kaunti ni habari nyingine, na hapa sheria iko upande wako waziwazi. Google husita kugusa kurasa za serikali, kwa hiyo anzia kwa wenyewe. Iandikie bodi ya utumishi wa umma ya kaunti hiyo, barua fupi: mahojiano yalikwisha 2018, orodha haina kazi tena, nambari ya kitambulisho haikuhitajika kuwa hadharani, naomba faili iondolewe chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Weka kiungo, weka tarehe, na hifadhi nakala. Kanuni za 2021 zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuyatuma kupitia tovuti yao au kwenda mwenyewe Britam Tower, Upper Hill. Hulipi kitu, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Usidhani ni ofisi ya mapambo. Septemba 2023 iliitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Kaunti ikishaondoa faili, waambie Google ukurasa umekwisha, wana fomu ya kurasa zilizopitwa na wakati, la sivyo kivuli chake kitaendelea kutokea.

Sheria hiyo inasema pia inamfikia hata asiye na ofisi Kenya, mradi anachakata data za mtu aliye Kenya. Lakini kwa tovuti ya Marekani iliyokuandika ukiwa Sacramento, fomu yao wenyewe itakufikisha haraka kuliko kesi.

Yapo yasiyofutika. Gazeti Rasmi la Serikali ni moja, na matoleo yake mengi yamewekwa Google Books. Nilimkuta marehemu baba humo, na nambari ya shamba lililopotelewa na hati, miaka mingi kabla sijajua intaneti ni nini. Na usinikumbushe vitabu vya geti. Nairobi hii huingii jengo bila kuandika jina, kitambulisho na simu kwenye daftari ambalo kila anayefuata analisoma akingoja kalamu. Askari akikubali, andika ile nambari ya keki.

Leo usiku mpigie dadako. Saa tatu ya kwetu, kwao ni saa tano asubuhi, atakuwa macho. Mgawane tovuti. Wewe shughulikia Truecaller, ramani na barua ya kaunti, yeye ashughulikie wenzake wa California. Kituoni nenda kesho kabla ya oda za mchana, na usiende peke yako.

Na watu wa boda, kuanzia sasa, wakuchukulie keki stejini. Wakikuuliza nyumba nambari ngapi, waambie unateremka.

Fundi